Bosi kachoka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uchovu wa kazi uliopitiliza, kupona, na kuongoza bila kuishiwa tena

Haya maswali yanatoka kwa watu wanaosimamia wenzao: meneja wa tawi, mkuu wa shule, mganga mfawidhi, mratibu wa mradi, supavaiza wa kiwandani. Wengi huwa wanauliza pembeni, kikao kikishaisha na mlango umeshafungwa, maana kwetu bosi kusema amechoka bado ni aibu. Mambo ya sheria humu ni ya Tanzania Bara na sekta binafsi, Kenya nimeigusa kidogo tu. Watumishi wa umma na Zanzibar wana taratibu zao.

Hivi hii banauti, yani huu uchovu wa kazi uliopitiliza, ni ugonjwa kweli au ni uvivu wa kisomi?

Sio ugonjwa na sio uvivu. Shirika la Afya Duniani, WHO, kwenye orodha yao ya magonjwa ya ICD-11 iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, wameiweka kama hali inayotokana na kazi, yani stresi ya kazini ya mda mrefu ambayo haikushughulikiwa. Wakaipa alama tatu. Nguvu zinakuishia kabisa. Unaanza kuichukia kazi au kuikejeli, watu unaowahudumia unawaona kero. Na unajiona hakuna unalofanya likaenda vizuri hata kama wenzako wanakusifia.

Alafu aliyeiandika kitaalamu mwanzoni, mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, mwaka 1974, hakuitoa kwa watu wavivu. Aliiona kwenye kliniki ya bure New York iliyokuwa inahudumia watu wa madawa ya kulevya, na waliokuwa wanaishiwa pale ni wale waliokuja kwa moyo wao wenyewe, wanakesha, hawajui kusema hapana. Kwahiyo ukiambiwa umechoka kwasababu hujitumi, aliyekwambia hajui anachoongea.

Nimepima malaria, UTI, taifodi, hamna kitu. Sasa hii ni nini?

Huu mzunguko wengi tunaujua, mwili hauna nguvu, unaenda maabara, unaambiwa hamna kitu, unapewa vitamini unarudi ofisini. Kabla hujasema ni kazi, hakikisha daktari ameangalia na vingine: wingi wa damu, sukari, presha, tezi ya shingo, na usingizi wako (kama unakoroma sana na unaamka kichwa kizito hiyo peke yake inaweza kukumaliza mchana kutwa). Mwambie pia unafanya kazi saa ngapi kwa siku na mara ya mwisho kulala vizuri ni lini. Madaktari wengi hawaulizi hilo, wewe ndo ulitaje. Foleni nje ni ndefu, usisubiri akuulize.

Nitatofautishaje na stresi ya kawaida, au na sonona?

Stresi ya kawaida ina mwisho. Mwezi wa kufunga hesabu au wiki ya wakaguzi unakimbia kama kichaa, ikipita unalala wikendi moja unarudi sawa. Hii nyingine wikendi haigusi, Jumapili saa kumi jioni tumbo linaanza kukaza kwa kuwaza Jumatatu.

Sonona inaenda mbali zaidi ya kazi. Mtu aliyechoka kazi bado anaweza kucheka na watoto, mechi ya Simba na Yanga bado inamshika, akiwa safarini anajisikia mtu. Mwenye sonona hata hivyo vimekufa ladha, chakula hakipiti au kinapitiliza, anajilaumu kwa kila kitu. Kwenye hospitali wanaweza kukuuliza maswali tisa ya PHQ-9 yanayohusu wiki mbili zilizopita, dakika tano tu yameisha, yanasaidia daktari kuona ukubwa wa tatizo. Hivi vitu viwili vinaweza kukaa pamoja kwa mtu mmoja, na uchovu ukiachwa sana unaweza kukufikisha kwenye sonona, kwahiyo usijipime mwenyewe ukamaliza.

Na kama umefika mahali unawaza ni bora usingekuwepo, au unawaza kujidhuru, usisome kwanza mpaka mwisho. Mwambie mtu mmoja sasa hivi, na nenda hospitali leo, kitengo cha dharura. Hofu ya kuambiwa "ameenda Mirembe" imeumiza watu wengi bure, idara za afya ya akili zipo kwenye hospitali za rufaa za mikoa na hamna anayekuandika usoni.

Mbona nina cheo, mshahara na gari la ofisi, kwanini mimi ndo nichoke kuliko vijana wangu?

Hapa ndo penyewe. Christina Maslach, aliyetengeneza kipimo kinachotumika sana cha uchovu huu mwaka 1981 akiwa na Susan Jackson, baadae yeye na Michael Leiter wakasema watu wanaishiwa pale ambapo mtu na kazi yake havilingani kwenye maeneo sita: wingi wa kazi, uwezo wa kuamua, malipo na kutambuliwa, mahusiano na wenzako, haki, na kile unachokiamini.

Sasa mpime meneja wa kati. Kazi ni nyingi, sawa, hiyo ni moja. Uamuzi? Tageti inatoka makao makuu, bajeti inakatwa makao makuu, lakini tawi likishindwa anaitwa yeye kujieleza. Hana kura kwenye lengo ila ana lawama kwenye matokeo. Kutambuliwa: mteja akifurahi sifa inaenda juu, akilalamika simu inashuka chini. Wenzako: siku uliyopandishwa cheo wale uliokuwa unakula nao mama ntilie walianza kukuita "mkuu" na stori zikakatika ukiingia, yani umepata ofisi yenye AC ukapoteza watu wa kuongea nao. Haki: unaambiwa upunguze watu watatu, unajua kabisa wanaoguswa ni wale wasio na mtu juu. Na unachokiamini: mkuu wa shule aliyeingia ualimu kwa kupenda kufundisha, leo siku nzima ni kujaza taarifa na kutuliza ugomvi wa ujenzi wa darasa, darasani hajaingia mwezi mzima.

Mshahara unagusa eneo moja kati ya sita. Ndo maana nyongeza inakupa nguvu miezi miwili alafu unarudi palepale. Kama utachukua kitu kimoja kwenye ukurasa huu chukua hiki, chukua karatasi uandike hayo maeneo sita, kila moja ujipe maksi, na utaona tatizo lako halifanani na la jirani. Kuna mtu kazi ni nyingi lakini anaamua mwenyewe, huyo anadunda. Kuna mwingine saa kumi na nusu yuko nyumbani na bado ameisha, kwasababu kila siku anatekeleza jambo asiloliamini.

Nikichukua likizo nitapona?

Utapumzika, kupona ni habari nyingine. Mina Westman na Dov Eden walifuatilia wafanyakazi huko Israel, utafiti wao ukatoka 1997: uchovu ulishuka kweli wakati wa likizo, na ndani ya wiki tatu baada ya kurudi ulikuwa umerudi ulikokuwa. Wiki tatu! Likizo inakusimamisha, lakini ukirudi kwenye meza ileile, yenye mafaili yaleyale, maamuzi yaleyale yakikusubiri wewe tu, mwili unakumbuka haraka.

Hiyo haina maana usiende. Mtu aliyeishiwa kabisa hawezi hata kufikiria abadilishe nini, kichwa hakipo. Nenda kwanza ulale, ila nenda ukijua kazi ya pili inaanza ukirudi.

Na likizo yenyewe iwe likizo. Mtafiti Sabine Sonnentag na mwenzie Charlotte Fritz, 2007, walitaja vitu vinne vinavyomrudisha mtu: akili kuachana kabisa na kazi, mwili kutulia, kujifunza au kufanya kitu kipya unachokiweza, na kuwa na mamlaka ya mda wako. Sasa angalia likizo zetu, unaenda kijijini Desemba, una orodha ya ada za watu, kikao cha ukoo, mipaka ya shamba, ubatizo, mtu wa ofisini anapiga anaulizia faili liko wapi. Kati ya vile vinne umepata kimoja, nusu. Kama ni lazima uende nyumbani, kaa kwanza siku chache sehemu ambayo hamna anayekujua cheo chako.

Likizo yangu ni siku ngapi kisheria?

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, siku 28 mfululizo kwa kila mzunguko wa miezi 12, na zinahesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu zitakazoangukia humo. Mwajiri ndo anapanga lini, lakini sio zaidi ya miezi 6 baada ya mzunguko kuisha, au 12 kama umekubali na kazi kweli inahitaji hivyo. Akikufanyisha kazi ukiwa ndani ya likizo ya mwaka anatakiwa akulipe mshahara wa mwezi mmoja badala ya hiyo likizo, na usifanye kazi miaka miwili mfululizo bila likizo.

Likizo ya ugonjwa ni siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36, za mwanzo 63 kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara, cheti cha daktari lazima. Watu wengi hawajui hizi namba, wanadhani wakiumwa wiki mbili wameshafukuzwa.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, ni siku 21 za kazi kwa mwaka, ukilinganisha na 28 za Bongo zenye wikendi ndani utakuta zinakaribiana tu. Za ugonjwa kule ni chache zaidi, 7 za mshahara kamili na 7 za nusu, kama kiwango cha chini.

Na ile saa 45 kwa wiki, inanihusu mimi meneja?

Hapa wengi wanapigwa na butwaa. Sheria inasema saa za kawaida ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, ovataimu isizidi saa 50 ndani ya wiki nne na ilipwe mara moja na nusu, mtu apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku na siku. Lakini sehemu hiyo ya saa za kazi haimgusi mwajiriwa anayesimamia wengine kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Yani ukishafika pale, sheria inakuacha ujilinde mwenyewe. Likizo bado ni yako, saa ndo hazina ukuta.

Mwili wako lakini haujui kama una cheo. WHO na Shirika la Kazi Duniani, ILO, walitoa mahesabu 2021: watu 745,000 walikufa mwaka 2016 kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo unaohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Ukilinganisha na anayefanya saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi inapanda kwa 35% na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo 17%. Saa 55 sio nyingi kihivyo, ni kuingia saa mbili asubuhi kutoka saa moja usiku siku tano. Foleni ya Mbagala hujaihesabu hapo.

Nimeshaishiwa. Wiki ya kwanza nianze na nini?

Usingizi. Sio mazoezi, sio kitabu cha kujiendeleza, sio kuamka saa kumi alfajiri kama wanavyohubiri mitandaoni. Lala. Simu ikae chumba kingine, nunua saa ya mezani ya kukuamsha.

Pili tafuta maamuzi makubwa uyaahirishe, kuacha kazi, kuachana na mwenza, kukopa uanzishe biashara ya kuku. Kichwa kilichoishiwa kinaona milango miwili tu.

Tatu futa vitu vitatu kwenye kalenda ya wiki hii. Sio kuvisogeza mbele, kuvifuta. Vikao ambavyo ukikosa hamna atakayepiga simu vipo, unavijua.

Ya nne, ongea na mtu mmoja asiyekuwa chini yako wala juu yako kazini. Kaunsela kama upo uwezo, na uulize bima yako inalipia au la kabla ya kukata tamaa, au shehe, padri, mchungaji anayejua kunyamaza, au meneja mwenzio wa kampuni nyingine. Ofisini hapafai, kitu utakachomwambia katibu muhtasi saa nne, saa sita kimeshafika stoo.

Nimwambie bosi wangu? Si ataona nimeshindwa kazi?

Inategemea ni bosi gani, tusidanganyane. Kuna wa kuongea nae na kuna ambaye maneno yako yatarudi siku ya kupandisha vyeo. Ila hata kwa huyo wa pili unaweza kuongea kuhusu kazi bila kuongea kuhusu moyo wako. Usiende na "nimechoka", nenda na orodha. Mfano:

"Mkuu, naomba dakika ishirini. Kwa sasa nina mambo saba na yote yameandikwa ya haraka. Kwa watu nilionao naweza kuyamaliza manne vizuri mpaka mwisho wa robo hii. Nimependekeza haya manne, haya matatu naomba uniongoze, tuyasogeze, apewe mwingine, au yatoke."

Hapo umemrudishia uamuzi ambao ulikuwa wake tangu mwanzo. Akisema yote saba yafanyike, mjibu kwa heshima "sawa mkuu, naomba basi unipangie namba moja mpaka saba", alafu jioni mwandikie imeili fupi ya mlichokubaliana. Imeili hiyo itakuja kukuokoa.

Wasaidizi wangu hawawezi. Nikiachia kidogo tu kazi inaharibika.

Hili ndo swali linaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi jibu lake ni kwamba hawajawahi kupewa kazi, wamepewa tu kukimbia. Ukimwambia mtu "andaa ripoti alafu niletee nipitie", ripoti bado ni yako. Ukimwambia "ripoti ya mwezi ni yako, unaituma wewe, mimi nipo kwenye nakala", hapo umempa kazi. Ya kwanza atakosea. Ya pili atakosea kidogo. Kama kosa lake haliwezi kuua mtu, kupoteza hela ya watu au kuvunja sheria, basi liache litokee alafu mkae mlijadili.

Angalia pia vitu vidogo vinavyokufunga bila wewe kuona. Nani anasaini malipo? Kama benki saini ya lazima ni yako tu, ofisi haiwezi kupumua bila wewe. Nani ana paswedi? Mkuu wa shule au mfawidhi wa zahanati ambaye mambo ya FFARS (mfumo wa hesabu za vituo na shule) au NeST (mfumo wa manunuzi ya serikali) anayajua yeye na mhasibu mmoja tu, huyo hata akilazwa atapigiwa simu wodini. Sio kugawa paswedi yako jamani, hiyo ni kosa, ni kuhakikisha kuna mtu wa pili ambae amesajiliwa kihalali kwa jina lake. Nani anajua mfadhili anataka nini? Nani ana namba ya fundi wa jenereta? Andika yote, ukurasa mmoja unatosha.

Kisha tumia kitu ambacho maofisi yetu tayari yanacho, kukaimu. Kwetu kaimu mara nyingi ni mtu wa kuweka saini "kny", yani kwa niaba ya, na kusema "subirini mwenyewe arudi". Mpe barua yenye mipaka: malipo mpaka kiasi hiki anaamua mwenyewe, ajira na nidhamu nzito anasubiri, dharura anampigia fulani sio mimi. Mtambulishe mbele ya watu. Posho ya kukaimu kama ipo alipwe, usimfanyishe kwa "unapata uzoefu". Anza na siku mbili, ya mara nyingine wiki, badilisha watu. Na ukirudi, maamuzi aliyoyafanya usiyatengue mbele ya wenzie kwasababu tu wewe ungefanya tofauti, ukifanya hivyo mara moja hamna atakayeamua tena.

Kuna watu wanasema mimi nikitoka hapa panaanguka. Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, akaenda kuijenga TANU mikoani, Rashidi Kawawa akashika serikali ya nchi changa kabisa, na Nyerere akarudi Desemba mwaka huohuo kama Rais. Nchi ilikuwepo. Na 1985 alipoachia urais kwa Mzee Mwinyi, uenyekiti wa CCM alibaki nao mpaka 1990, wapo wanaosema alikaa sana na wapo wanaosema ndo makabidhiano ya taratibu, bishaneni, ila tawi lako la watu kumi na wawili linaweza kukaa bila wewe wiki mbili.

Grupu la WhatsApp la ofisi linanimaliza. Nifanyeje?

Kama wewe ndo bosi, wewe ndo sheria ya hilo grupu. Unaweza kuandika "sio haraka, mtajibu kesho" saa tano usiku ukajiona muungwana, lakini kijana wako ameshaamka, ameshasoma, na anawaza. Andika ukitaka, ila iache kwenye rasimu uitume saa mbili asubuhi. Dharura ipigwe simu, na mkubaliane dharura ni nini, umeme kukatika kwenye friji la chanjo ni dharura, rangi ya tisheti za Mei Mosi sio.

Ufaransa tangu Januari 2017 sheria inazitaka kampuni zenye watu 50 na zaidi zijadiliane na wafanyakazi juu ya haki ya kuzima mawasiliano baada ya kazi. Kenya Seneta Samson Cherargei alipeleka muswada wa namna hiyo 2022, waajiri wakaupigia kelele. Usisubiri bunge, grupu ni lako.

Kazini nimepunguza, lakini nyumbani, kanisani na kwenye kamati bado.

Ndio, hili vitabu vya nje havilisemi. Kwetu mtu akiwa meneja kazini anageuka mwenyekiti wa kila kitu, kamati ya harusi wewe, mweka hazina wa jumuiya wewe, msiba ukitokea wewe ndo unaulizwa tenti, mchezo wa kina mama kijumbe ni wewe. Na mialiko ya michango haiishi. Huwezi kukataa vyote na wala usijaribu, hao ndo watakaokuzika. Chagua kiti kimoja kwa mwaka, vingine toa mchango wako usikae kwenye kamati. "Mwaka huu nachangia ila sitakuwa kamati" ni sentensi kamili, usiiongezee maelezo, maelezo ndo yanayoleta mjadala.

Kwa dada zetu mzigo ni mara mbili, ofisini bosi, saa moja usiku jikoni. Sheria inampa mama anayenyonyesha mpaka saa mbili kwa siku ndani ya mda wa kazi, zichukue hata kama una cheo, na msaidizi wako akiona umezichukua nae ataweza kuzichukua siku yake. Shemeji na yeye anaweza kupika, hajakatika mikono.

Bia mbili tatu za kunisaidia kulala zina shida?

Zina shida. Unasinzia haraka, saa tisa usiku uko macho, usingizi wenyewe mwepesi. Na zile kopo za eneji za mchana ndo zinakuletea hizo bia za usiku.

Mimi niko sawa, ni timu yangu ndo imechoka. Naonaje mapema?

Angalia aliyekuwa mbishi kwenye vikao akanyamaza. Watu wanahangaika na mlalamikaji, kumbe anayelalamika bado anajali. Ruhusa za kuumwa za siku mojamoja zikizidi Jumatatu, makosa madogo kwa mtu makini, utani wa kukejeli wateja, hizo ni dalili.

Cha kufanya, usianze na timu bildingi Bagamoyo. Watu wanafurahi, picha nzuri, Jumatatu mafaili yako palepale, na wengine wamepoteza wikendi yao ya pekee. Mkae, uwaulize kila mmoja peke yake: kitu gani tunafanya hapa ambacho kikiacha kufanyika hamna atakayeumia? Utashangaa. Kuna ripoti inaandikwa kila Ijumaa ambayo aliyeiomba aliondoka zamani. Ifute wiki hiyohiyo, wakiona umefuta moja kweli ndo watakwambia ya pili.

Niache kazi tu?

Inawezekana ndo jibu, lakini liwe jibu la mtu aliyelala. Jacinda Ardern, waziri mkuu wa New Zealand, Januari 2023 alisema hadharani hana tena nguvu za kutosha kuitendea haki ile kazi, akaondoka baada ya miaka mitano na kidogo. Sasa yeye hakuwa na mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara mpaka 2029. Piga hesabu yako: mkopo, ada, kodi ya nyumba, miezi mingapi unaweza kukaa. Rudi kwenye yale maeneo sita. Kama kinachokumaliza ni wingi wa kazi au kukosa uamuzi, vinaweza kubadilika palepale ulipo au kwa kuhama idara. Kama ni haki au unachokiamini, hapo kupumzika hakusaidii sana, anza kutafuta kimyakimya. Unayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, mkataba wako unaweza kusema zaidi.

Narudi kazini baada ya mapumziko marefu. Nirudije?

Rudi katikati ya wiki, Jumatano sio Jumatatu. Siku ya kwanza usifungue imeili zote, mwite kaimu wako akupe mambo matano tu. Nusu ya zile kazi ulizomwachia usizichukue tena, hii ndo sehemu ngumu maana mikono inawasha, na watu wenyewe watazileta mlangoni kwako kwa mazoea, "karibu mkuu, tulikuwa tunakusubiria". Wiki sita za mwanzo zina siku nzuri na siku mbovu, mbovu zikizidi mrudie daktari.

Ofisi imeninyima likizo mwaka wa pili sasa. Kuna pa kwenda?

Anza kwa maandishi, omba kwa barua au imeili yenye tarehe, sio kwa mdomo koridoni, na utunze majibu. Kama kuna chama cha wafanyakazi ongea na tawi lenu. Ikishindikana kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wana ofisi mikoani, unajaza fomu namba moja na kwanza mnasuluhishwa. Mda ndo wa kuangalia: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, mingine kama hii ya likizo ndani ya siku 60 tangu mgogoro utokee. Ukichelewa itabidi kwanza uombe kusikilizwa nje ya mda na ueleze sababu za kuchelewa, na "nilikuwa nimechoka" bila cheti cha daktari haitoshi.